Ile ya Juu

Tangu aolewe, Nomathole hakuwahi kulitamka neno mvua. Hakuwa bubu, wala hakuwa na kigugumizi. Baba mkwe wake aliitwa Mvulane, na kwetu Wampondo mkaza mwana halitaji jina la baba mkwe wala neno lolote linaloligusa, hata kama neno lenyewe ni la kitu kinachomdondokea kichwani kila wiki. Mvua kwetu ni imvula. Sasa pima mwenyewe. Mwanamke ameolewa kwenye milima inayotazama bahari, mahali ambapo nguo hazikauki, na mvua imefungiwa ndani ya jina la mzee ambaye yeye humpikia uji.

Mimi nilipona. Baba mkwe wangu aliitwa Jekisoni, jina alilobandikwa na mwenye duka, na hakuna kitu duniani kinachofanana na Jekisoni. Niliolewa hapa mwaka mmoja na Nomathole, nyumba zetu zinatazamana, na kwa miaka yote hiyo nimesema nilichotaka, isipokuwa mume wangu akiwa na njaa.

Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, ndiye aliyempa neno la kutumia. Alimwambia aseme "ile ya juu". Basi ile ya juu imenyesha, ile ya juu imebomoa ukuta wa jiko. Manyunyu aliyaita ile ndogo ya juu. Sisi wanawake wenzake tulimchokoza mtoni akija na nguo zimemgandia mwilini.

"Umelowa nini, Nomathole?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya kwenu. Nimeyaiba."

Alicheka pamoja nasi, lakini hakuteleza. Siku moja nilimtega. Tulikuwa wawili tu, tunasugua mablanketi, nikamwambia hapa hakuna mzee, liseme tu mara moja upate kulionja. Akaendelea kusugua. "MaMpinge," akaniambia, "mdomo haujui kama mzee yupo au hayupo. Ukiufundisha kuteleza mtoni, utateleza na mbele yake." Nilimwona mshamba siku hiyo. Mimi ni mwepesi wa kuona watu washamba.

Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko wa korongo la Msikaba, chini kidogo ya nyumba, mahali ambapo jua la asubuhi huwahi na upepo hauna nguvu. Alilima bangi, kama alivyolima mama mkwe wake na waliomtangulia. Sitaomba radhi kwa hilo. Mahindi yetu tunagawana na panya, ng'ombe ni wa wanaume, na barabara ya lami imeishia mbali. Bangi ndiyo iliyowavalisha watoto wetu sare za shule. Wakati ule sheria ilikuwa bado imekunja uso, nasi tukaigeuzia mgongo tukapalilia.

Mbolea ya duka hakuwahi kuinunua, wala dawa ya wadudu. "Kitu kinachokwenda kuingia kifuani mwa mtu usikilishe sumu," mama mkwe alimwambia, na Nomathole alilishika neno hilo kama alivyoyashika mengine. Alitumia majivu ya jikoni na samadi ya zizini, ile ya zamani iliyogeuka udongo mweusi. Lakini zizi la ng'ombe mkaza mwana haliingii. Basi mzee Mvulane ndiye aliyeingia na jembe lake, akachimba, akajaza ndoo, akampitishia juu ya uzio. Yeye akapokea kwa mikono miwili, macho chini. Hawakusemezana. Kila mwaka niliwaona wakifanya vile mpaka ndoo ya mwisho, na nikikwambia nilimwonea wivu utacheka. Jekisoni hakuwahi kunipitishia hata chumvi.

Mimea ikianza kutoa maua, mwezi wa pili hivi, hapo Nomathole humpati. Kwanza ni madume. Dume linatoa vijifuko kama punje za ulezi, na likiachwa mpaka vikapasuka, vumbi lake linayaingia majike yote shambani, nayo yanaacha kunenepesha maua yanaanza kubeba mbegu. Akiyagundua anayang'oa asubuhi ileile, anabakiza moja tu, mbali, nyuma ya jiwe, kwa ajili ya mbegu za mwaka ujao. Kisha anapunguza majani ya chini ili hewa ipite, anafunga matawi kwa vipande vya blanketi kuukuu yasivunjike kwa uzito, anaokota viwavi kwa mkono mmoja mmoja na kuwapelekea kuku. Nywele za ua zikiwa bado nyeupe haligusi mtu. Zikianza kugeuka rangi ya kutu, anakuja kunyoosha kidole, analigusa ua kidogo tu, ananusa. Ndivyo alivyojua siku ya kuvuna, kwa pua.

Na kipindi hicho chote alitazama angani, upande wa bahari. Ua lililonona likilowa halikauki ndani. Kwa nje unaliona zima, ukilipasua unakuta ukungu wa kijivu umeshalila moyo. Ndiyo maana chini ya paa la nyumba ya zamani kulikuwa na maturubai ya nailoni yamekunjwa, tayari.

Halafu ilikuwapo ile ndege. Karibu kila mwaka kabla ya Pasaka ilikuja helikopta ikamwaga dawa kwenye makorongo, na dawa haichagui. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia ilipita kwetu, na maboga yakafa pamoja na bangi, na mboga za majani pembeni mwa nyumba zikawa kama karatasi iliyoungua. Ndege hiyo nayo hakuna aliyeitaja kwenye simu. Si kwa heshima, kwa woga. Ulisema kwa mafumbo, aliyekusikia akaelewa.

Sasa nije kwa mumewe. Daluxolo alikuwa mtu wa Krismasi na Pasaka. Ndivyo tunavyowaita wanaume wa migodini, na wa kwetu wengi ni hao. Alikuwa Rustenburg chini ya ardhi tangu kabla hajaoa. Alikuja nyumbani ndugu wamejaa, pombe inachacha, ng'ombe amechinjwa, mke yuko jikoni anasikika kwa sufuria tu. Hapo nani atakaa azungumze habari za mvua? Ikinyesha kila mtu anaiona. Hakuwa mume mbaya. Alituma alichopaswa kutuma na hakuwa na mwanamke mwingine tuliyepata habari zake. Alijua mkewe anamheshimu baba yake, maana wake wote huheshimu. Anaheshimu kwa neno gani, hilo hakuuliza.

Mwaka ule alikuja mwezi wa pili bila kuitwa na sherehe. Alikuwa na blanketi na kikohozi. Daktari wa mgodini alikuwa amempumzisha mpaka baada ya Pasaka. Alikaa kizingitini akitazama milima kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitafuta, na akikohoa kuku walikimbia.

Siku chache baadaye Nomathole akanikuta mtoni.

"Amesema mavuno haya yakiingia vizuri harudi tena chini," akaniambia.

"Amekwambia wewe?"

"Amesema mbele ya baba yake."

Maneno yaliyosemwa mbele ya baba hayarudishwi. Nomathole akaweka ndoo chini, akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Durban. Kumbe alikuwa amechoka miaka yote ile, nami jirani sikuwa nimeona. Mavuno yale hayakuwa tena ya sare za Sinalo, binti yao, wala ya mabati. Yalikuwa ya kumbakiza mume nyumbani.

Tangu Daluxolo afike haikunyesha. Kwa mahindi ule ulikuwa msiba, kwa maua baraka. Mimea ya Nomathole ilinenepa mpaka ikatia aibu. Ukipita kwenye njia ya juu harufu inakushika nguo. Na Daluxolo akawa anashuka naye shambani. Mwanzoni alitembea kati ya mistari na mikono nyuma kama mgeni kanisani. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio wa mishubiri nikijifanya napalilia.

"Huu mbona unaung'oa? Mzima kabisa," Daluxolo akauliza.

"Dume hilo."

"Kosa lake?"

"Linamwagia vumbi kila jike, halafu halina kazi nyingine."

Akageuka kwangu. "Shemeji, unasikia tunavyosemwa?"

"Nasikia," nikamjibu. "Lakini nyuma ya jiwe limeachwa moja. Jitahidi uwe hilo."

Nomathole akacheka mpaka akashika kiuno. Daluxolo naye akacheka, kikohozi kikamkata, akainama. Mkewe akamshika mgongoni, hapo hapo, mchana kweupe, mbele yangu. Nikajiondokea. Kuna mambo hata mimi siyatazami.

Alijifunza upesi. Viwavi akawaweza, kufunga matawi akakuweza. Alisema mimea ile inapewa heshima kuliko yeye, na Nomathole akamwambia mimea haiondoki Januari. Lakini kila mngurumo wa gari ukisikika ng'ambo ya korongo, Daluxolo aliinua kichwa. Pasaka ya mwaka ule wa dawa alikuwa amerudi akakuta mashina meusi, na hakusahau. Nomathole naye aliinua kichwa mara kwa mara, akinusa upepo wa bahari. Walitazama mbingu ileile, kila mmoja akiogopa lake, na hawakuambiana.

Siku yenyewe ilikuwa ya mzee kwenda hospitali ya Lusikisiki kuchukua vidonge vyake vya shinikizo la damu. Nomathole alimsindikiza, mimi nikafuata na safari yangu ya sabuni na mafuta ya taa. Daluxolo alibaki. Maua yalikuwa karibu kabisa. Nywele za mistari ya chini, kule mtoni, zilikuwa zimeshageuka rangi. Za juu bado.

Tulikuwa kwenye benchi nje ya dirisha la dawa, mzee Mvulane katikati yetu, fimbo kati ya magoti. Upepo ukageuka. Nomathole ndiye aliyeuhisi kwanza. Aliinuka akaenda mpaka kwenye kona ya jengo, akarudi uso umebadilika.

"MaMpinge, nipe simu."

Yeye hakuwa nayo, na yangu ilikuwa inapiga kelele kama redio, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na mzee akasikia.

"Baba Sinalo, uko wapi?"

"Nyumbani. Nachonga mpini."

"Kimbia shambani. Ile ya juu inakuja."

"Una hakika?"

"Naiona kwa macho yangu. Imetokea baharini, inaelekea huko."

"Mungu wangu. Itafika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Usiache hata mmoja wazi."

"Yote?"

"Yote. Anza na ya chini, ndiyo iliyokomaa. Kimbia, mume wangu."

"Nimeelewa," Daluxolo akasema, akakata.

Nomathole akanirudishia simu. Alikuwa anatabasamu. "Umesikia? Hakuuliza mara mbili."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sisi watatu kwenye benchi lile tulijua vizuri ile ya juu ni nini. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mvua ilitukuta njiani, nyuma ya pikapu, chini ya turubai la dereva. Ilikuwa kubwa, ya upande upande. Nakumbuka Nomathole alikuwa mchangamfu. Alimuuliza mzee kama amebanwa, akanitania kuhusu mafuta yangu ya taa. Mara moja alisema, akitazama maji yanavyotiririka, "Leo amenifaa." Tuliposhushwa barabarani tukateremka kwa miguu, tumemshika mzee huku na huku, matope yanavuta viatu.

Daluxolo alikuwa amekaa kizingitini, panga juu ya magoti. Alikuwa amelowa chapachapa, mikono imechunika na kunata utomvu, kifua kinakwenda juu chini. Alipotuona akatabasamu kama mtoto aliyeoga mwenyewe.

"Nimewahi," akasema.

"Yote?" Nomathole akamuuliza.

"Yote. Hata lile dume la nyuma ya jiwe. Hawaoni kitu, waje na ndege kumi."

"Ndege gani?"

"Si uliyoniambia. Ile ya juu."

Mvua ilikuwa inatupiga sote wanne, inapiga bati, inapiga ndoo iliyofunikwa pale nje. Daluxolo akamtazama mkewe, akamtazama baba yake, kisha polepole akainua uso akaitazama mvua. Nadhani hapo ndipo ilipomwingia. Mzee Mvulane akavua kofia yake, akabaki ameishika, maji yanamtiririka kwenye kipara.

Nomathole alikwisha kugeuka. Nilimfuata shambani. Vilikuwa visiki vitupu, mstari kwa mstari, vimekatwa mshazari, vyeupe. Kazi safi, mtu wa migodini akiambiwa hatari inakuja hafanyi kwa nusu. Maturubai aliyatumia, ndiyo. Alifungia mimea ndani yake akaiburura mpaka kwenye ufa wa korongo, akaifukia kwa matawi isionekane kutoka juu. Na ule ufa ndio njia ya maji.

Tuliteremka. Tulivuta tulichoweza, sisi wawili, halafu akaja Daluxolo, halafu mume wangu. Maua mengine tuliyaona yakienda na maji. Ya mistari ya juu yalikuwa mabichi bado, nywele nyeupe tupu. Tuliyaning'iniza kwenye nyumba ya zamani, tukawasha moto mdogo, tukapepea, tukageuza. Kwa siku kadhaa Nomathole hakutoka mle ndani. Kisha akapasua ua moja mbele yangu, na ndani mlikuwa na kitu kama sufu ya kijivu. Akapasua la pili. La tatu hakulipasua. Mnunuzi wake wa Durban alipokuja alichukua tawi moja, akalinusa, akalirudisha mahali pake kwa adabu sana, akaulizia afya ya mzee. Bora angetukana.

Nomathole hakupiga kelele. Nilipiga mimi. Nilimfuata Daluxolo mpaka kizingitini kwake.

"Umelala na mwanamke huyu miaka yote hii, hujui anaiitaje mvua?"

"Hakuna aliyeniambia, shemeji."

"Uliuliza?"

Akakohoa. Sikumwonea huruma wakati ule. Kuuliza si ujinga, lakini wanaume wetu huulizia njia ya Rustenburg tu. Ya nyumbani wanadhani wanaijua.

Kisha nikaenda kwa Nomathole, maana hasira yangu ilikuwa bado inanitosha. Nikamwambia neno moja tu lingeokoa kila kitu. Neno moja, angelisema tu kwenye simu, asingekufa.

"Mbele yake?" akaniuliza.

"Mbele yake, ndiyo."

"MaMpinge, bega langu lilikuwa limegusana na lake." Alikuwa anakwangua sufuria, hakuniangalia. "Na kwa nini ningelisema? Nilisema, naye akasema ameelewa."

Nikageuka, nikarudi kwangu. Kijijini kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walisema mke gani anashindwa kumpigia mumewe simu ikaeleweka. Wengine walisema mwanamume aliyekaa sana chini ya ardhi, akisikia cha juu, anafikiri cha serikali. Wakacheka. Nami nilicheka, nikajichukia. Wanasema heshima si utumwa, na mimi nimelisema hilo kwa wanangu. Lakini vile visiki nilivitazama kutoka dirishani kwangu kila asubuhi, na sikuwa tena na hakika ya ninachokisema.

Aliyeumia kuliko tulivyodhani alikuwa mzee. Jumamosi kabla ya Pasaka aliwaita watu wa nyumba yake na sisi majirani wa karibu, akasimama kwenye mlango wa zizi. Alikuwa amefunga mbuzi mweupe. Alizungumza na wazee wake waliolala, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkaza mwana wake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimtazama usoni.

"MaChithwa," akamwita kwa ukoo wake. "Jina langu limekula mavuno ya mwanangu. Mimi nimekwisha zeeka, sihitaji kuheshimiwa kwa bei hiyo. Nimewaambia waliolala. Kuanzia leo umefunguliwa. Iite mvua kwa jina lake."

"Asante, Baba," Nomathole akasema.

"Iite sasa, nisikie. Nikisikia nitalala."

Tulingoja. Nomathole akafungua mdomo. Akafumba midomo kwenye ile m, ikabaki imefumba. Nilimwona anavyojaribu, shingo ilimsimama mishipa. Nilitaka kumtikisa limtoke. Machozi yakaanza kumshuka na midomo bado imebanwa, na Daluxolo pale pembeni akawa anatazama viatu vyake.

"Basi," mzee akasema. "Basi, mwanangu. Acha."

Mbuzi alichinjwa, tukala. Sikumbuki ladha yake.

Daluxolo alirudi mgodini baada ya Pasaka. Kikohozi alikuwa nacho vilevile. Hakuna aliyemwambia aende na hakuna aliyemwambia asiende. Maneno aliyoyasema mbele ya baba yake yalikuwa ya mavuno, na mavuno hayakuwapo. Nomathole alimfungia mkate na kuku kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka barabarani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilikuwapo, na nilisubiri mmoja wao aseme kitu kuhusu manyunyu yale. Walizungumza habari za viatu vya Sinalo.

Sasa hupiga simu Jumapili, kwenye simu yangu, nami namwita Nomathole avuke. Hukaa kwenye benchi langu, na kwa vile simu ile haina siri, sote tunasikiliza. Mwanzoni walikuwa wanasalimiana kama watu wa ofisi moja. Baba yangu hajambo? Hajambo. Mtoto? Yupo. Ng'ombe? Wapo. Kisha salio linakwisha.

Jumapili iliyopita alikohoa kwanza, kwa muda. Nyuma yake palisikika wanaume wengi na redio. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayekanyaga mahali penye giza.

"Mama Sinalo. Huko nyumbani, ile ya juu imenyesha?"

Nomathole akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa amekwisha kufunguliwa, na mzee hakuwa karibu.

"Imenyesha," akasema. "Ile ya juu imenyesha vizuri, Baba Sinalo. Na huko?"

"Huku chini haifiki," Daluxolo akasema.

Salio likaisha. Nomathole akanirudishia simu, akafunga kanga yake kiunoni, akavuka kwenda kwake. Mzee Mvulane alikuwa tayari ndani ya zizi na jembe lake, ndoo ya kwanza imejaa. Akaipitisha juu ya uzio, naye akaipokea kwa mikono miwili, macho chini.